Kipimo cha Jotojua

Katika tangi la kwanza, vyura walikuwa wameota miguu. Walikuwa wadogo, kila mmoja anaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na walijipanga juu ya jiwe lililochomoza majini wakiruka kila Sekela Mwalwisi alipogonga kioo. Katika tangi la pili hapakuwa na chura hata mmoja. Walikuwemo viluwiluwi tu, wanene kupita kiasi, vichwa vimewavimba, mikia inapepea polepole. Miguu hawakuwa nayo. Wakati wa kuiota ulikuwa umeshapita.

Mayai yote yalitoka kwa chura jike mmoja. Maji yalikuwa ya bomba moja, na chakula kilikuwa kilekile. Tangi la kwanza lilikuwa likiongezwa majimaji ya uji uliopikwa kwenye sufuria ya chuma. La pili liliongezwa majimaji ya uji uleule, ila huu ulipikwa ndani ya mfuko wa jotojua uliokuwa umeshatumika nyumbani kwa watu.

"Lugano," Sekela aliita bila kugeuka. "Hebu njoo uone."

Lugano, fundi sanifu aliyefanya naye kazi tangu maabara ile ilipofunguliwa Mbeya, alikuwa dirishani akishughulikia chakula chake cha mchana. Mfuko wake ulikuwa umeanikwa kwenye kizingiti tangu asubuhi, nao ulishanywa jua la kutosha hadi ukawa na rangi ya asali. Alishika pembe zake mbili, akaupinda mara moja kama mtu anayekamua nguo. Rangi ya asali ikayeyuka, mfuko ukawa mwangavu kama kioo, na maharage yaliyokuwa ndani yakaanza kutokota. Hakukuwa na moto wala waya. Mvuke ulitoka mdomoni mwa mfuko na harufu ya kitunguu ikajaa chumba.

Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyokuwa ikipika miaka ile. Ngozi ya jotojua ilitengenezwa kwa molekuli zinazojikunja kama ngumi zikipigwa na jua, na zikipindwa hujikunjua kwa pamoja na kuachia joto lote zililolishika. Mtu alitia unga na maji, akaanika, akapinda, akala. Vijana waliozaliwa baada yake hawakujua kuwasha jiko la mkaa. Malori ya mkaa hayakuonekana tena barabarani, na milima iliyozunguka mji, ambayo wazee waliikumbuka ikiwa na upara, ilikuwa imefunikwa na miti hadi kileleni.

Lugano alikuja na mfuko wake mkononi, kijiko tayari kimechovya. Aliangalia tangi la kwanza, akaangalia la pili. Akarudi tena la kwanza.

"Hawa wa huku wamegoma," alisema.

"Hawajagoma. Wamezuiwa. Kiluwiluwi anageuka chura kwa amri ya homoni ya tezi ya shingo. Amri ikikatwa, anabaki anakua mwili tu." Sekela alimwonyesha karatasi iliyotoka kwenye kromatografu, ile mashine inayotenganisha kemikali moja na nyingine na kuichora kila moja kama kilele cha mlima. "Kilele hiki hapa hakimo kwenye mfuko mpya. Kwenye mifuko iliyotumika kipo, na kadiri mfuko unavyozeeka ndivyo kinavyorefuka. Ni mkia wa molekuli yenyewe, Lugano. Ule unaoishikilia kwenye plastiki. Ikipindwa sana unakatika, unaingia kwenye chakula. Umbo lake linafanana na homoni ile, basi unakalia kiti chake na kazi haufanyi."

"Kwa binadamu?"

"Binadamu naye ana tezi hiyo. Mtu mzima anaweza kuvumilia. Mtoto anayekua, au aliye tumboni, ubongo wake unaitegemea."

Lugano alitazama kijiko chake. Akakirudisha taratibu ndani ya maharage, akauweka mfuko mezani kama mtu anayeweka kitu cha mwenzake. Mke wake alikuwa na ujauzito uliokwisha kuonekana, na kila mtu pale maabara alijua hivyo.

* * *

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Vyakula na Vifungashio, iliyomiliki maabara ile, Bwana Evaristi Haule, alisoma taarifa yote bila kuinua uso. Alikuwa mtu mzito, mpole, asiyependa kelele.

"Dokta," alisema alipomaliza, "kanuni inasema tupime mfuko mpya."

"Najua. Tumepima. Tumekata vipande, tumeviloweka kwenye maji, siki, spiriti na mafuta, vile vimiminika vinavyosimama badala ya chakula. Mfuko mpya unafaulu kila mwaka, na mwaka huu umefaulu tena. Lakini nani anayetumia mfuko mara moja akautupa? Nimekwenda mitaani, nikawapa watu mifuko mipya na kuchukua ile ya zamani. Hiyo ndiyo watu wanayolia chakula."

"Cheti cha Jotojua kinakwisha muda wake. Kikao cha wazi ni wiki ijayo, ukumbi utajaa, redio zitakuwepo. Unataka nisimame niseme nini?"

"Kilicho kwenye taarifa."

Haule aliondoka kwenye kiti chake akaenda dirishani. Kutoka pale ulionekana mlima, kijani kibichi, na ukungu umeukalia mabegani.

"Baba yangu alikuwa mchoma mkaa," alisema. "Nimekulia kwenye tanuri. Nilipokuwa mtoto mto wa kijijini kwetu ulikauka, tukawa tunachimba mchangani kupata maji ya kunywa. Mwaka wa tatu baada ya jotojua kufika, mto ulirudi. Unajua mto kurudi ni kitu gani, Dokta? Watu wazima walivua viatu wakaingia ndani na nguo zao, wakilia." Akageuka. "Tangaza hili, na kesho asubuhi watu wenye mashoka watakuwa msituni. Wodi za vifua tulizozifunga zitafunguliwa tena. Hao nao ni watoto."

"Mama yangu aliuawa na moshi wa jikoni," Sekela alisema. "Nilimshika nikimsikiliza akitafuta pumzi. Kwa hiyo habari ya moshi naijua."

"Basi wewe ndiye ulipaswa kunielewa kuliko wote." Hakusema kwa ukali. "Sikuambii udanganye. Mfuko mpya umefaulu, utie saini kwamba umefaulu. Halafu tuwape wenye Kampuni ya Jotojua muda, kimyakimya, watengeneze mkia usiokatika."

"Muda gani?"

"Mwaka. Miwili."

Sekela alitoka bila kutia saini na bila kukataa. Hilo ndilo lililomkera zaidi alipokuwa akishuka ngazi. Haule hakuwa amehongwa. Hakuwa mtu mbaya. Kila alichokisema kilikuwa kweli, na Sekela alipojaribu kuweka watoto wa upande huu na watoto wa upande ule kwenye mizani, hakuona upande ulio mzito, akaiacha.

Kwa siku kadhaa alifanya kazi kama mtu aliyeziba masikio. Alirudia vipimo, akavirudia tena, akitumaini kosa. Hakuliona.

Aliyemtoa kwenye hali ile alikuwa Lugano. Asubuhi moja alifika maabara amechelewa, jambo ambalo si kawaida yake, na viganja vyake vilikuwa vyeusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki akaanza kunawa.

"Ni mkaa," alisema kabla hajaulizwa. "Nimeutafuta hadi nikaupata, kuna mtu bado anachoma kwa kificho. Nimemwambia mke wangu asiguse tena ule mfuko."

"Umefanya vizuri."

"Nimefanya vizuri?" Lugano aligeuka, maji yakimchuruzika mikononi. "Jirani yangu ukuta kwa ukuta ana mtoto anayeanza kula uji. Asubuhi hii nimempita mlangoni anaupinda mfuko, ananiambia karibu uji. Nikasema asante, nimeshiba. Nikapita. Dokta, nimepita kama mwizi."

Akafunga bomba kwa nguvu.

"Mimi tayari nimechagua," Lugano aliendelea. "Nimeijua habari, nikachagua moshi kwa ajili ya mwanangu. Wewe je, tangu siku ile umekula kwenye mfuko?"

Sekela alitazama ganda la ndizi mezani. Tangu siku ile alikuwa akila mkate na ndizi mbivu.

"Mkurugenzi naye, baada ya kuisoma ile taarifa, unadhani atampikia mjukuu wake humo? Sisi tunaojua tumeshajiokoa. Tunaowanyima ni wale wengine."

Sekela alivua glavu. Alikuwa amejisumbua siku zote zile akijiuliza ni madhara yapi makubwa kuliko yapi, kana kwamba nchi nzima ni mtoto aliyelala na yeye peke yake yuko macho. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyempa kazi ya kuwachagulia.

"Nitasema," alisema. "Yote. Kwenye kikao."

* * *

Kabla ya kikao aliona ni haki amwambie mtu mmoja uso kwa uso. Profesa Leokadia Mgaya, aliyevumbua molekuli ya jotojua, alikuwa amemfundisha kemia chuoni. Sasa alikuwa mstaafu, amejenga Uyole, na sura yake ilikuwa imechapwa kwenye vitabu vya shule. Sekela alimkuta bustanini akipogoa mawaridi.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba mwanangu. Uso wako haujalala. Sema."

Akamweleza. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, mkasi mkononi, kisha akaufunga na kuuweka mfukoni.

"Molekuli yangu haikatiki mkia," alisema. "Niliipinda mwenyewe mara elfu."

"Uliipindia kwenye maji, Profesa. Watu wanaipindia kwenye maziwa ya mgando, kwenye nyanya, kwenye karanga. Uchachu na mafuta, kwa pamoja, kwenye joto. Kila kimoja peke yake hakifanyi kitu."

"Nipeleke."

Maabara hakuomba kiti. Alisimama mbele ya tangi la pili kwa muda mrefu sana, mikono nyuma, viluwiluwi wale wakija kugusa kioo na kuondoka. Halafu alivaa miwani akapitia vipimo kimoja baada ya kingine, akiuliza maswali mafupi kama aliyekuwa akisahihisha mtihani. Vilikuwa vya halijoto gani? Mafuta gani? Mfuko ulioshwa kabla? Sekela alijibu yote. Jasho lilimtoka kama mwanafunzi.

"Na mifuko yote iliyotumika ina kilele hiki?"

"Yote, isipokuwa mmoja. Huo nadhani tulichanganya lebo. Ni mzee, umekwaruzika kila mahali, lakini ni safi kama umetoka kiwandani leo. Niliuondoa kwenye hesabu."

Profesa Mgaya alivua miwani yake. "Mimi ndiye niliyekufundisha kutupa kipimo kwa sababu hakikupendezi?"

Sekela alihisi masikio yakimwaka moto.

"Hapana, Profesa."

"Basi kautafute." Alichukua mkoba wake. Mlangoni alisimama, na sauti yake ilikuwa imechoka ghafla. "Usinitegemee kwenye kikao. Kile kitu ni maisha yangu yote. Sijui nitaweza kusema nini."

* * *

Waliupima upya mfuko ule siku hiyohiyo, vipande kutoka pembe zote, kwenye mchanganyiko wa siki na mafuta. Mstari ulitoka umelala kama meza. Lebo haikuwa imechanganywa. Mfuko ulitoka kwa mama lishe mmoja wa soko la Mwanjelwa, anayeitwa Mama Ipyana.

Sekela alimkuta katikati ya shughuli, foleni imepinda kona. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Mbele yake palikuwa na sufuria kubwa, nayo ilikuwa imevishwa kitu mfano wa koti. Sekela alitazama vizuri. Ilikuwa mifuko mitatu ya jotojua, imepasuliwa na kuunganishwa kwa uzi, imezungushwa nje ya sufuria. Mama Ipyana alishika pindo, akalipinda, rangi ya asali ikayeyuka kuizunguka sufuria na mfuniko ukaanza kucheza.

"Mama, kwa nini hupikii ndani?"

"Ndani?" Mama Ipyana alicheka. "Mwanangu, mimi napikia watu wote hawa. Mfuko mmoja utamshibisha nani? Halafu kuuosha ni adhabu, unateleza kama kambare. Hivi naupangusa tu na kitambaa, basi."

"Chakula kinawahi kuiva?"

"Kinachelewa kidogo kuliko ndani. Unamenya vitunguu vya kesho, kikishaiva unapakua."

"Na koti hili umelitumia tangu lini?"

"Tangu nianze biashara hapa. Mfuko ule uliouchukua niliufumua tu kwenye koti kwa sababu ulinipa mpya wa bure. Haukuwa na shida yoyote."

Sekela akaomba kigoda, akakaa palepale kati ya ndoo na magunia ya viazi. Plastiki ilikuwa haijagusa chakula. Haikuonja uchachu wala mafuta hata siku moja, kwa hiyo mkia haukuwa na sababu ya kukatika. Joto lilipita kwenye chuma kama kawaida, jua lilikuwa lilelile. Na watu wote wale, yeye, Haule, Profesa, Kampuni, walikuwa wamesimama kwenye njia panda wakibishania sumu au moshi.

"Dada, unaumwa?" Mama Ipyana aliuliza.

"Hapana," Sekela alisema, na akagundua kwamba anacheka. "Hapana, Mama. Wiki hii unaweza kufunga biashara siku moja? Nataka unipikie mahali."

* * *

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Bwana Haule aliketi meza ya mbele kama mwenyekiti, muhuri wa Mamlaka mbele yake. Kampuni ya Jotojua ilimleta msemaji wake, Bwana Jafari Tindwa, kijana nadhifu mwenye sauti ya redioni. Alizungumza vizuri. Alionyesha picha za milima ilivyokuwa na ilivyo, akapigiwa makofi, akakaa.

"Dokta Mwalwisi," Haule aliita. Alimtazama kwa macho ya kuomba. "Mfuko umefaulu?"

"Mfuko mpya umefaulu," Sekela alisema. "Mfuko ambao mmeuacha jikoni kwenu leo asubuhi umefeli."

Halafu akasema yote. Hakutumia maneno makubwa. Aliwaonyesha matangi mawili yaliyoletwa na Lugano juu ya mkokoteni, akawaeleza mkia unavyokatika, tezi inavyodanganywa, na kwa nini mtoto mchanga yuko hatarini zaidi kuliko baba yake. Kisha mwanamke mmoja katikati akasimama, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti isiyo na hasira, "Huyu nimemlisha humo tangu aanze kula." Ndipo kelele zikalipuka.

Haule aligonga meza, hakusikika. Bwana Tindwa alishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Mnamsikia? Dokta anataka kina mama warudi kuvuta moshi! Anataka tukate ule msitu! Kwa sababu ya vyura!"

Baadhi ya watu waliitikia. Sekela aliwaona, nyuso zilizojaa hofu kuliko chuki, watu waliokuwa wanahesabu kichwani watapika nini jioni. Alikuwa ameiogopa saa hii siku zote zile, na sasa ilipofika alishangaa moyo wake ulivyotulia.

"Sitaki mtu arudi kwenye mkaa," alisema. "Mama Ipyana, njoo."

Mama Ipyana alipanda jukwaani na sufuria yake, maharage, nazi na nyanya, uchachu na mafuta pamoja. Alivisha sufuria koti lake lenye rangi ya asali, akakaza uzi, akatazama ukumbi uliokuwa ukimkodolea macho.

"Mbona mnanitazama hivyo? Ni maharage tu," alisema, na watu wachache wakacheka bila kutaka.

Akalipinda. Rangi ikayeyuka. Sekela alitumia muda ule wa kungoja kuwaeleza, kwa utulivu, kwamba mfuko uliotoka kwenye koti hilo una umri mkubwa kuliko mifuko yao mingi na katika vipimo vyote haukuonyesha hata chembe ya ule mkia, kwa sababu plastiki iko nje na chakula kiko ndani ya chuma. Kwamba jua halijali limepitia wapi. Alikuwa bado anaongea mfuniko ulipoanza kugongagonga, mvuke ukatoka, na harufu ya nazi ikatembea safu kwa safu hadi nyuma kabisa. Mtu mmoja dirishani akapiga mluzi.

"Hayo si matumizi yaliyoidhinishwa!" Tindwa alisema. "Kampuni haiwezi kuwajibika na—"

"Nina swali kwa Kampuni," Sekela alimkatiza. "Mfuko ukizungushwa nje ya sufuria, unadumu kiasi gani?"

Tindwa alisita. "Hatujawahi kupima jambo hilo."

"Mmepima."

Sauti ilitoka nyuma. Haikuwa kubwa, lakini watu waliitambua, na vichwa vikageuka safu kwa safu. Profesa Leokadia Mgaya alikuwa akitembea katikati ya ukumbi, mdogo kuliko anavyoonekana vitabuni, amevaa sweta la bustanini.

"Mmepima," alirudia alipofika mbele. "Mlipimia kwenye kiwanda chenu, nami nilialikwa kuona, jambo nililolisahau hadi leo. Ulidumu hadi mkachoka kuupima. Mkasema mfuko wa namna hiyo mtu akinunua mmoja harudi dukani." Aligeuka akaukabili ukumbi. "Nimepitia kazi ya Dokta Mwalwisi nikitafuta kosa. Nililitafuta kwa nguvu zangu zote, kwa maana molekuli hii mimi ndiye niliyeizaa. Kosa halimo. Chakula kisiguse plastiki. Ningekuwa nimetunga kanuni hii mimi, ningejivuna nayo kuliko kitu kingine chochote nilichofanya."

Makofi hayakuanza mara moja. Yalianza na yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ambaye alikuwa bado amesimama. Kisha yakaenea hadi vioo vya madirisha vikatikisika, na watu wakaanza kuitana kwa sauti, mimi sufuria ninayo, mimi ya bibi iko stoo, mafundi bati wa Mwanjelwa leo hawalali. Lugano alikuwa pembeni ya mkokoteni, simu sikioni, akipiga kelele ili asikike: "Mama Neema, nisikilize jirani! Usiupinde! Toa huo uji, tia kwenye sufuria, halafu nitakuelekeza!"

Haule aliwaacha watu wamalize. Alipoinuka ukumbi ulinyamaza wenyewe.

"Cheti cha kupikia ndani ya mfuko kimefutwa kuanzia saa hii," alisema. "Cheti kipya ni cha kuuvisha nje ya chombo cha chuma. Kampuni itawabadilishia wananchi mifuko iliyochakaa bila malipo, na vipimo ilivyovifanya itavileta mezani kwangu. Watoto wote wa kliniki watapimwa tezi, na Dokta Mwalwisi ndiye atakayesimamia." Aligonga muhuri, sauti yake ikasikika hadi mlangoni. Kisha akainama karibu na Sekela, mbali na kipaza sauti. "Nilikwambia mwaka au miwili."

"Ulisema hivyo, Mkurugenzi."

"Usinikumbushe tena." Alikuwa akitabasamu, macho yamemlowa. "Mto uko palepale."

Bwana Tindwa alikusanya picha zake akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyemzomea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwangalia. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya jukwaa, na Mama Ipyana alikuwa akipakua na kulalamika kwamba angejua wako wengi hivi angekuja na sufuria kubwa.

Sahani ya kwanza alimpa Profesa. Ya pili alimsukumia Sekela mikononi.

"Kula, wewe. Umekonda kwa mawazo."

Sekela alikaa ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, koti jeupe limekunjamana. Maharage yalikuwa ya moto, mazito, yana nazi na nyanya na pilipili kidogo. Alikula kijiko cha kwanza polepole, kama anayeonja. Cha pili hakukionja tena. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, huku kelele za ukumbi zikimzunguka, na alipomaliza alirudi kwenye foleni na sahani yake, akasimama nyuma ya watu wote kungoja zamu.